Wanamasoko wakongwe wafunzwe, wasitupwe

Kumezuka desturi katika biashara za mji wa Kakamega na viunga vyake ambayo haifai kunyamaziwa. Kampuni ikitaka afisa wa mauzo, tangazo lake la kazi halitangulizi tena ujuzi wa kuzungumza na mteja, wala kuyafahamu masoko ya Malava, Butere na Khwisero. Hutanguliza programu za kompyuta. Hutaka mtu awezaye kuchora chati, kuandaa dashibodi ya mauzo na kuifanya kompyuta itume ripoti yenyewe bila ya kuguswa. Mtu aliyeuza mbegu, mbolea, sabuni au bima kwa miaka 15 akilisoma tangazo hilo hulikunja gazeti akaenda zake, akijua kwamba hakuitwa.

Hatuupingi ujuzi huo hata kidogo. Tunachokipinga ni dhana kwamba ujuzi huo ni mali ya vijana peke yao, na kwamba njia ya pekee ya kuupata ni kumwondoa aliyeko na kumleta mwingine. Maoni yetu ni kwamba ni rahisi zaidi, na ni haki zaidi, kumfunza mwanamasoko mzoefu kutumia mashine kuliko kumfunza kijana aliyetoka chuoni jana mambo ambayo mzoefu huyo ameyajua kwa kuchakaza soli za viatu.

Kwanza yafaa tueleweshane, kwa maana wengi hutishwa na majina. Ujuzi unaozungumziwa ni wa aina tatu, nao si wa ajabu kama unavyotangazwa.

Wa kwanza ni kuiachia mashine kazi zinazojirudia. Duka la pembejeo likipokea agizo kwa simu, kuna mtu wa kuliandika, mwingine wa kuangalia kama mali ipo ghalani, mwingine wa kuandika ankara, mwingine wa kumkumbusha mteja deni, na mwishoni mwa mwezi kuna wa kujumlisha yote. Tarakimu zile zile huandikwa mara nne au tano, na kila zinapoandikwa upya hupatikana nafasi mpya ya kukosea. Kompyuta, au hata simu ya mkononi, yaweza kupangwa ili agizo likishaandikwa mara moja tu, hatua zinazofuata zijiendeshe: ankara iandaliwe, hesabu ya ghala ipunguzwe, na mwenye deni akumbushwe siku iliyokubaliwa.

Wa pili ni kuzigeuza tarakimu kuwa picha. Jambo hili si geni wala halikuletwa na kompyuta. Mnamo 1786, Mskoti mmoja kwa jina William Playfair alichapisha jijini London kitabu kilichoonyesha biashara ya nje kwa michoro, na ndani yake akachora kwa fito mali iliyoingia Scotland na iliyotoka. Chati ya fito ambayo leo tunaiona katika kila kitabu cha shule ilipata umaarufu wake hapo, katika hesabu za mali iliyonunuliwa na iliyouzwa. Mwanamasoko anayejifunza kuchora chati haingilii fani ya watu wengine. Anarudi kwao.

Wa tatu ni kuandika ripoti inayosomwa. Ripoti nyingi za mauzo huandikwa ili ionekane kwamba zimeandikwa. Huwa na kurasa nyingi, jumla nyingi, na mwisho wake maneno kwamba hali ya soko ni ngumu lakini juhudi zinaendelea. Ripoti ya maana hujibu maswali manne tu: ni jambo gani limetokea, limetokea wapi, limetokea kwa sababu gani, na sasa tufanye nini. Isiyojibu swali la mwisho ni mzigo kwa aliyeiandika na kwa anayeisoma.

Tuchukue mfano wa kubuni ili jambo hili lieleweke. Kampuni ya mbegu za mahindi iliuza mifuko 500 katika Lugari na Butere mwezi wa Machi mwaka jana, na mifuko 500 Machi mwaka huu. Ripoti ya jumla itasema kwamba mauzo hayakubadilika, na meneja aliyeko Nairobi atalala usingizi mnono. Lakini tukizitenganisha tarakimu hizo kwa maeneo, tunaona kwamba Lugari imeanguka kutoka mifuko 400 hadi 250, ilhali Butere imepanda kutoka mifuko 100 hadi 250. Hapo pana habari mbili kubwa, moja ya msiba na nyingine ya heri, ambazo jumla moja imezizika katika kaburi moja. Chati yenye fito nne ingezifichua kwa mtazamo mmoja.

Hata hivyo, chati hiyo haitasema ni kwa nini Lugari imeanguka. Mashine haijui. Anayejua ni afisa ambaye amezunguka Lugari misimu mingi. Yeye ndiye atakayesema kama wakulima wamecheleweshewa malipo ya mahindi yao, kama mshindani amefungua duka karibu na kituo cha matatu, au kama mbegu za msimu uliopita hazikuota vyema na habari zikaenea kanisani baada ya ibada. Bila ya mtu huyo, kampuni itaona jeraha lakini haitajua kisu kilipotoka.

Hiyo ndiyo hoja yetu kuu. Kaunti ya Kakamega, ambayo ilikuwa na watu 1,867,579 katika hesabu ya mwaka 2019, ina kaunti ndogo 12, wala hazifanani. Lugari na Likuyani ni nchi ya mahindi. Mumias, Matungu na Malava zimejulikana kwa miwa. Mkulima wa mahindi hushika fedha baada ya mavuno. Mkulima wa miwa hungoja zaidi ya mwaka mzima kabla ya kukata, kisha akangoja tena kulipwa. Anayewapelekea wote wawili ankara ya siku 30, kwa kuwa kompyuta imepangwa hivyo, anajitafutia madeni mabaya na maadui wapya.

Kuna na mambo ambayo hayaandikwi katika lahajedwali lolote. Kuna soko la Lubao ambako watu hutoka mbali kwenda kununua mbwa. Kuna mapigano ya mafahali ya Waisukha na Waidakho yanayokusanya umati tangu alfajiri. Kuna Januari ya karo za shule ambapo hata mteja mwema hufunga mfuko. Kuna Jumamosi za mazishi ambapo mwanamasoko mwenye busara hapigi hodi kumtajia mtu deni. Mwenye kuyajua haya ana hazina. Akiongezewa uwezo wa kuyapanga, kuyapima na kuyaonyesha, hazina hiyo inakuwa ya kampuni nzima. Akifukuzwa, anaondoka nayo.

Wakazi wa Kakamega hawahitaji kuhubiriwa sana kuhusu hasara ya kupoteza watu wenye ujuzi. Kampuni ya Sukari ya Mumias ilianza kutengeneza sukari mwaka 1973, ikaorodheshwa katika soko la hisa la Nairobi mwaka 2001, na Septemba 2019 ikawekwa chini ya mrasimu na benki iliyokuwa ikiidai. Mnamo Desemba 2021 ilikodishwa kwa kampuni ya Sarrai kutoka Uganda, na kesi zikafuata mahakamani. Sababu za kuanguka kwake zilikuwa nyingi, zikiwemo madeni, usimamizi na uhaba wa miwa. Hatudai kwamba chati ingaliiokoa. Tunalosema ni kwamba kiwanda kama kile kinapozama, hakizami peke yake. Huzama na makarani, maajenti, wasimamizi wa maghala na maafisa wa mauzo waliojua kila njia ya kupitisha sukari kutoka Mumias hadi dukani.

Watu wa namna hiyo wangali miongoni mwetu. Baadhi yao wamefungua vioski, wengine wanauza bima kwa kamisheni, na wengine wamerudi shambani. Wakiomba kazi leo wanaulizwa kama wanaijua programu fulani ya kuchorea dashibodi. Wakisema hapana, mazungumzo yanaishia hapo. Jambo la kusikitisha ni kwamba programu hiyo yaweza kufunzwa kwa majuma machache, lakini miaka 20 ya kuwajua wateja haifunzwi kwa majuma wala kwa miezi.

Wako watakaotujibu kwa methali kwamba samaki hukunjwa angali mbichi. Methali hiyo ina mahali pake, hasa katika malezi ya watoto, lakini haikutungwa ili iwe cheti cha kuwafukuza watu wazima darasani. Nchi hii ilimshuhudia Mzee Kimani Maruge, aliyeingia darasa la kwanza mjini Eldoret mwaka 2004 akiwa na umri wa miaka 84, baada ya serikali kuondoa karo katika shule za msingi. Kama mzee huyo aliweza kuanza na herufi, mwanamasoko wa miaka 45 ambaye amekuwa akipiga hesabu za kamisheni kichwani hashindwi na lahajedwali.

Isitoshe, kizazi hicho hicho kinachodaiwa kuwa kizito ndicho kilichoipokea M-Pesa ilipoanzishwa Machi 2007. Wenye maduka ya Kakamega waliokuwa wamezoea kuweka fedha ndani ya mkebe walijifunza kutuma, kupokea na kulinganisha salio kwa simu. Hakuna aliyewaita wazee. Walijifunza kwa kuwa waliona faida yake siku hiyo hiyo, na kwa kuwa waliofundisha walikuwa jirani zao, kwa lugha yao, juu ya fedha zao wenyewe. Hapo pana somo kubwa kwa wanaotaka kuandaa mafunzo.

Mafunzo mengi tunayoyaona sasa yamepangwa kinyume. Mwalimu hutoka mbali akiwa na mifano ya maduka ya Marekani na mauzo kwa dola. Hueleza kila kitufe cha programu kuanzia cha kwanza hadi cha mwisho. Wanafunzi huandika, hutabasamu, hupokea vyeti na kupigwa picha. Jumatatu hurudi afisini na kuishika kalamu ile ile. Fedha zimekwenda, na hakuna kilichobadilika isipokuwa ukuta ulioongezewa cheti.

Mwanamasoko mzoefu afunzwe kuanzia kazi yake. Siku ya kwanza aje na ripoti yake ya mwezi uliopita. Aulizwe ni saa ngapi alizitumia kuiandika, na ni sehemu gani inayomchosha zaidi kwa kurudiwarudiwa. Sehemu hiyo moja ndiyo ianze kuachiwa mashine. Akiona kwamba kazi iliyomla Ijumaa nzima imekwisha kwa dakika chache, hatahitaji kubembelezwa kuja siku ya pili.

Kabla ya kuchora lolote, afunzwe kuzisafisha tarakimu. Hili ndilo somo linalorukwa, na ndilo linaloharibu kazi nyingi. Karani mmoja ameandika "Kakamega", wa pili "Kakamega Mjini", na wa tatu "K'mega". Kwa binadamu hapo ni mahali pamoja. Kwa mashine ni miji mitatu, na kila mmoja utapewa ufito wake. Mteja aliyeandikwa mara mbili atahesabiwa kuwa wateja wawili, na kampuni itashangilia ongezeko ambalo halipo. Mzoefu ndiye awezaye kuyaona makosa hayo upesi, kwa sababu anajua kwamba duka hilo ni moja na mwenyewe ni yule yule.

Kisha afunzwe kuchagua picha inayofaa. Mabadiliko ya miezi huonyeshwa kwa mstari. Ulinganisho wa maeneo huonyeshwa kwa fito. Mambo mengine hayahitaji picha yoyote, bali sentensi moja iliyonyooka. Dashibodi yenye rangi saba na saa 12 zinazozunguka yaweza kumfurahisha mgeni, lakini meneja anayetaka kujua lori lipelekwe Navakholo au Shinyalu atapotea ndani yake.

Afunzwe pia kutodanganya na kutodanganywa. Mauzo yakipanda kutoka 980 hadi 1,000, hilo ni ongezeko dogo la asilimia 2 hivi. Lakini mchoraji akiuanzisha mchoro wake kwenye 970 badala ya sufuri, ufito wa pili utaonekana mrefu mara tatu kuliko wa kwanza. Tarakimu hazikubadilishwa, na bado msomaji amedanganywa. Anayejua kuchora bila ya kujua maadili ya kuchora ni wa kuogopwa kuliko asiyejua kabisa.

Onyo hilo lina uzito zaidi siku hizi. Tangu mwisho wa 2022 zimeenea programu za akili unde ambazo huandika ripoti nzima kwa muda wa kunywa chai. Lugha yake huwa laini, na aya zake hupangika vyema. Lakini programu hiyo haijawahi kufika Khayega. Ikilishwa tarakimu za uongo, itauandika uongo huo kwa ufasaha kuliko mwongo mwenyewe. Ndiyo sababu tunasema kwamba kadiri mashine inavyozidi kuwa na maneno, ndivyo anavyozidi kuhitajika mtu wa kuisoma ripoti na kusema, "Hapa pana kasoro, kwa maana juma hilo barabara ilikuwa imekatika na hakuna lori lililopita."

Iko hatari nyingine inayowagusa wateja. Mashine ya kutuma jumbe haina haya. Iliyopangwa kumkumbusha mdaiwa kila Jumatatu itamkumbusha hata kama alizikwa Jumamosi, na ujumbe huo utasomwa na mjane. Katika jamii yetu, ambapo mazishi ni jambo la ukoo mzima, kosa hilo moja laweza kuivunja heshima ya biashara katika kijiji kizima. Kwa hivyo kila mfumo unaojiendesha sharti uwe na mlango wa kusimamishia, na mtu anayeujua mlango huo ulipo.

Sheria nayo imekwisha sema. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 na kanuni zilizoifuata zinamtaka mfanyabiashara apate idhini ya mtu kabla ya kuyatumia maelezo yake kumtangazia bidhaa, na ampe njia rahisi ya kujitoa. Mnamo Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data ilitangaza kuipiga kampuni ya mikopo ya simu ya Mulla Pride faini ya shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na nambari za watu kuwatumia jumbe na simu za vitisho. Wauzaji wetu wengi wana madaftari yaliyojaa nambari za wateja zilizokusanywa kwa miaka mingi bila ya idhini yoyote kuandikwa. Kuzimwaga zote ndani ya mfumo wa kutuma jumbe bila ya kuzichuja ni kujipeleka kizimbani.

Tena kuna hofu ya wafanyakazi wenyewe, nayo si ya kupuuzwa. Wengi wanaamini kwamba dashibodi inaletwa ili iwe jicho la bosi. Yamkini katika baadhi ya kampuni hivyo ndivyo ilivyo. Kila ziara inahesabiwa, kila dakika inapimwa, na anayebaki nyuma jina lake hutiwa rangi nyekundu mbele ya wenzake. Mwajiri anayefanya hivyo atavuna alichopanda. Wafanyakazi watajifunza kuipendezesha mashine. Wataandika ziara ambazo hawakuzifanya na maagizo ambayo baadaye yatafutwa. Ripoti ikiwa fimbo, kila mtu hujifunza kuikwepa. Ikiwa taa, kila mtu huisogelea.

Sasa tugeukie swali la fedha, ambalo ndilo kisingizio cha kila siku. Waajiri husema hawana fungu la mafunzo. Lakini sheria ya mafunzo ya viwandani inamtaka mwajiri kulipa ushuru unaohesabiwa kwa shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi, na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani ina utaratibu wa kumrejeshea gharama za mafunzo yaliyoidhinishwa. Wafanyabiashara wangapi wa Kakamega waliolipa ushuru huo wamewahi kuomba kurejeshewa chochote? Ni ajabu kulipia kisima kisha kulalamika kwamba una kiu.

Wengine husema kwamba ukimfunza mtu atakwenda kwingine. Huenda akaenda. Lakini aliyefunzwa akaheshimiwa ana sababu ya kubaki, ilhali asiyefunzwa akabaki ni hasara inayoketi kitini. Isitoshe, mahitaji ya kumbukumbu safi hayamngoji mwajiri aamue. Tangu Januari 2024, gharama za biashara zinahitaji kuthibitishwa kwa ankara za mfumo wa eTIMS wa Mamlaka ya Ushuru, isipokuwa zile chache zilizosamehewa. Ankara zimekwisha ingia katika mashine, watu wapende wasipende. Kilichobaki ni kuamua kama tarakimu hizo zitamfaa mtoza ushuru peke yake, au zitamfaa na mwenye biashara.

Vyuo vyetu navyo visikae kando. Chuo Kikuu cha Masinde Muliro kilianza katika miaka ya 1970 kama chuo cha WECO, kwa nguvu za harambee za wananchi wa Magharibi. Watu walichanga fedha walizozipata kwa kuuza mahindi, kuku na miwa. Chuo hicho kina deni la heshima kwa wauzaji wa mji huu. Kingewafungulia madarasa ya jioni na ya Jumamosi, yasiyodai cheti cha kidato cha nne kilichopotea miaka 30 iliyopita, na yanayofundishwa kwa Kiswahili pale Kiingereza kinapokuwa ukuta. Taasisi ya Sigalagala, ambayo imefunza mafundi wa mikono kwa miaka mingi, yaweza kufunza na mafundi wa hesabu za mauzo.

Madarasa hayo yawakumbuke wanawake. Wanawake ni wengi miongoni mwa wanaouza mazao, nguo na bidhaa za nyumbani katika masoko yetu, na aghalabu ndio wanaohifadhi hesabu kichwani kwa usahihi wa kutisha. Somo linaloanza saa kumi na moja jioni, wakati wa kupika na kuwapokea watoto kutoka shuleni, limewafungia mlango kabla ya kuanza. Ratiba ipangwe nao, isipangwe kwa niaba yao.

Serikali nazo, ya kitaifa na ya kaunti, zipanue macho. Mpango wa Ajira Digital ulioanzishwa mwaka 2016 ulielekezwa kwa vijana, na ni vyema kwamba vijana walifikiriwa. Lakini mwenye miaka 48 ana watoto chuoni, ana mkopo wa chama, na ana miaka mingi ya kufanya kazi iliyo mbele yake. Akipoteza kazi, nyumba nzima inatikisika, na vijana hao hao tunaowasaidia ndio wanaorudi nyumbani kwa kukosa karo. Kadhalika Mamlaka ya Kitaifa ya Vyeti, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2014, iharakishe utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana kazini, ili mtu aliyeuza kwa miaka 20 asihesabiwe kuwa hajui kitu kwa kuwa hana karatasi.

Kwa vijana wetu tuna neno pia. Msidhani kwamba tunataka mfungiwe mlango ili wazee wakae. Kampuni yenye akili itamketisha kijana na mzoefu kwenye meza moja. Kijana ataonyesha jinsi ya kuifanya kompyuta ikusanye maagizo yote kwa usiku mmoja. Mzoefu ataonyesha ni agizo gani la kutiliwa shaka. Baada ya miezi sita kila mmoja atakuwa amepata nusu aliyoikosa. Kijana atakayemdharau mwenzake mkongwe ajue kwamba programu anayojivunia leo itapitwa, naye atakuwa mkongwe wa kutupwa kwa kipimo kile kile alichokitumia.

Na kwa wanamasoko wazoefu, hatuwezi kumaliza bila ya kuwaambia ukweli. Miaka mingi kazini si ngao. Kusema "sisi tuliuza kabla ya kompyuta" ni kweli, lakini ukweli huo haulipi kodi ya nyumba. Ombeni kufunzwa. Undeni vikundi vya watu watano au sita, changeni fedha za data kama mnavyochanga katika vyama vyenu, na mtafuteni wa kuwaanzisha. Msione haya kufunzwa na mtu mwenye umri wa mtoto wenu. Aibu ni kuendelea kunakili tarakimu zile zile mara tano kila juma na kuuita uchovu huo uzoefu.

Tunatoa wito kwa waajiri wa Kakamega waanze na jambo dogo. Kabla ya kutangaza tena nafasi ya afisa wa mauzo anayejua dashibodi, wawaulize walio nao ni nani yuko tayari kujifunza. Wawape miezi mitatu, mwalimu mmoja, na saa chache za kila juma zisizokatwa katika mshahara. Kisha wazisome ripoti zitakazoandikwa, wazilinganishe na zile za zamani, na waamue kwa ushahidi. Hatuna shaka wengi watagundua kwamba mtu waliyekuwa wakimtafuta kwa matangazo alikuwa akiwasalimu kila asubuhi.